Tunamngoja Noëlla

Saa kumi na moja alfajiri, Moncton, Novemba,
foleni imeshapinda kona ya duka la matairi
na dirisha la tiketi bado limefumba jicho.
Mbele yangu mama wa kofia ya sufi
amekalia ndoo ya rangi, kaigeuza kigoda.
Nyuma yangu Fernand, dereva mstaafu wa malori,
ambaye goti lake la kushoto hujua kabla ya redio
kama theluji itashuka.
Leo goti limenyamaza.

Anarudi.
Neno ni hilo tu, limepita kinyozini,
limepita kanisani, limezunguka na nguo kwa dobi:
Noëlla Babineau anarudi,
binti wa fundi bomba wa Shediac,
miezi ishirini na miwili tangu nyonga imsaliti
mbele ya majaji tisa na mama yake.
Hatukusikia kishindo usiku ule.
Tulisikia barafu ikikohoa.

Mimi nilifika hapa nikitokea Uvira.
Kwetu mtu akiteleza tunampa pole,
tunamfuta tope, tunamtafutia kandambili zake.
Nilicheka nilipoambiwa
kwamba huku watu hulipa kumwona binti akiteleza.
Kisha zamu ya usiku, nyumba ya wazee,
nikimkausha Bi Odette vidole vya miguu,
akanishika bega: Acha taulo. Tazama.
Tazama ukingo wa nje wa kiatu. Sasa hesabu.
Nikahesabu. Mara tatu hewani,
akatua kwa mguu mmoja, polepole,
kama mtu anayeweka sufuria chini
katika nyumba yenye mtoto mchanga.
Tangu siku hiyo sijacheka.

Maneno hayakosi wenyewe.
Ana miaka ishirini na saba, wanasema, huo ni uzee.
Ana skrubu mbili ndani, atapiga kelele uwanja wa ndege.
Atapunguza: mara mbili hewani, si tatu,
na tabasamu la kufidia.
Mama wa ndoo anageuka:
Hata akija kusimama tu katikati, nitapiga makofi.
Sisemi kitu.
Maana ninayo siri isiyonipa raha:
ushindi wake nimeutazama mara nne, tano,
lile anguko sijui mara ngapi.
Usiku, simu ikiwa chini ya blanketi,
namrudisha juu, namwangusha,
namrudisha juu.
Je, na yeye anatujua hivyo,
sisi tunaompenda?

Jumapili nilipita kando ya Petitcodiac,
mto wa rangi ya kakao,
ambao bahari huusukuma mara mbili kwa siku
urudi ulikotoka.
Watalii walikuwa wamejipanga, saa mkononi.
Wimbi likaja limechelewa dakika sita,
dogo, dogo mno kuliko picha za hotelini,
limebeba kijiti kimoja na povu.
Mtoto akauliza: Ndilo hilo?
Baba yake alikuwa analia.

Sasa Fernand ananigusa kiwiko. Sikiliza.
Ukuta huu, upande wa pili, ni uwanja.
Kuna mtu ndani saa hizi,
anakwaruza, anakwaruza,
sauti kama ya kisu kikipaa samaki mkubwa.
Foleni nzima inavua kofia, inafunua masikio.
Mwendo unaongezeka.
Kisha hakuna sauti kabisa.
Fernand ameinua kidole, hapumui,
moja,
mbili,
na hapo kishindo, mwili mzima, bila shaka.

Hakuna aliyesema.
Mama wa ndoo alitazama viatu vyake.
Nilimkumbuka bibi yangu, aliyesema
kuteleza si kuanguka,
nikataka kumuuliza: na kuanguka je, ni nini?

Kwaru.
Kwaru tena, nyepesi,
halafu ndefu, inazunguka kona, inatafuta mwendo.

Dirisha likafunguka. Ngapi?
Mbili, nikasema.
Moja iwe ya kiti cha magurudumu,
karibu kabisa na barafu. Bibi yule hupenda kuhesabu.